Kuchagua Kompyuta kwa Mwanafunzi wa Mawasiliano: Somo la Zana Nje ya Darasa

Katika masomo yetu ya mbinu za kufundishia hakuna kanuni inayorudiwa mara nyingi kuliko hii: zana huchaguliwa baada ya lengo la somo kujulikana, wala si kabla. Mwanachuo aendaye kwenye mazoezi ya kufundisha akiwa amekumbatia ramani ya Afrika kwa sababu tu ameikuta stoo ya shule, ilhali somo lake linahusu mipaka ya kata, hukosolewa na mkufunzi wake, na hukosolewa kwa haki. Hata hivyo nimeona kwamba aghalabu kanuni hii huishia mlangoni pa darasa. Mwalimu yule yule aliyeitetea vizuri katika mtihani, akienda dukani kununua redio, simu au kompyuta, huongozwa na rangi ya kifaa, bei iliyobandikwa na ulimi wa muuzaji. Katika makala hii ninakusudia kueleza jinsi kompyuta mpakato ilivyochaguliwa katika familia yangu kwa ajili ya binti aliyekuwa akijiandaa kwenda chuo kikuu kusomea mawasiliano ya umma, pamoja na kazi za picha, sauti na video zinazoambatana na masomo hayo.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linamhusuje mwalimu wa shule ya msingi. Linamhusu kwa sababu ya mzazi. Hapa Mbagala ninapoishi, na vivyo hivyo Chamazi, Buza au Tandika, mzazi anapokwama katika jambo linalohusu elimu hamwendei mtaalamu. Humwendea mwalimu wa karibu. Zamani alikuja na barua ili asomewe au fomu ili ajaziwe. Tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vilipogawiwa walimu, wengi wameamini kwamba mwalimu anajua kila kitu chenye kioo kinachowaka. Ninyi wanachuo mtakapopangiwa vituo, iwe Temeke, iwe Kinondoni, iwe mbali kabisa na mji, swali hili litawafikia. Mtu atakuja na fedha aliyoipata kwa jasho, na ushauri wenu utaamua kama fedha hiyo itamsaidia mwanawe au itakwenda na maji.

Mwezi Septemba 2025 mpwa wangu alipata nafasi ya kusoma mawasiliano ya umma. Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, hununua samaki Feri alfajiri na kuwakaanga jioni kando ya barabara. Kwa muda wa miezi kumi na minne alikuwa amecheza upatu na wanawake wenzake, na zamu yake ilipofika alikuwa na shilingi 900,000 zilizotengwa kwa ajili ya kompyuta. Fedha ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humfikia mwanafunzi akiwa amekwisha kusajiliwa chuoni, tena ina matumizi yake mengi ya kula na kulala; kwa hiyo hapakuwa na mfuko mwingine wa kutegemea. Kosa likitokea, binti angesoma mwaka mzima kwa kuazima.

Mpwa wangu alinijia na karatasi aliyoandikiwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ilikuwa na maneno matatu tu: i7, mpya, nyepesi. Akaniambia, "Mjomba, wewe nenda Kariakoo ukaninunulie, mimi sijui." Hapo ndipo mwalimu hujaribiwa. Ni rahisi sana kumfanyia mwanafunzi kazi yake, hasa pale anapokuomba kwa heshima. Nilimwambia kwamba tutakwenda pamoja, ila kwanza aniandikie jambo lingine: si jina la kompyuta anayoitaka, bali kazi atakazozifanya nayo kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Alikaa nalo siku mbili, akawapigia simu watu wawili waliokwisha kuyasoma masomo hayo, akarudi na ukurasa mzima.

Ukurasa ule ulifundisha mengi kuliko tangazo lolote la dukani. Kuandika insha na ripoti kulikuwamo, na kazi hiyo karibu kila kompyuta inaiweza. Kurekodi mahojiano na kuhariri sauti kulikuwamo pia, nako hakudai nguvu kubwa. Programu ya Audacity, ambayo hailipiwi, huifanya kazi hiyo hata katika mashine ya wastani. Kusanifu vipeperushi na kusafisha picha kulihitaji kioo kizuri. Mwisho kabisa, kwa mwandiko mdogo kana kwamba ni jambo la ziada, alikuwa ameandika: "kuhariri video." Niliyazungushia maneno hayo duara. Kati ya kazi zote za mwanafunzi wa mawasiliano, hiyo ndiyo inayoichosha mashine, na kompyuta ikiiweza hiyo, nyingine zote itaziweza.

Yafaa kueleza kuhariri ni nini, maana wapo wanaodhani ni kubonyeza kitufe tu. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam mhariri aliukata utepe wa sauti kwa wembe, akaondoa kikohozi cha mzungumzaji, akaiunganisha ncha mbili kwa gundi ya karatasi. Alichohitaji ni sikio, mkono usiotetemeka na meza. Chuo cha Uandishi wa Habari kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1975, kile ambacho baadaye kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kompyuta haikuwa kifaa cha mwanafunzi. Mwaka mmoja kabla yake Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Leo wembe, gundi, meza na utepe vyote vimo ndani ya kifaa kimoja, na kila badiliko dogo la video huilazimu mashine kuzipitia upya maelfu ya picha.

Hesabu yake yaweza kufanywa hata na mtoto wa darasa la sita. Kamera nzuri ya video hurekodi kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo ni megabaiti 6.25 kwa sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600. Zidisha, utapata megabaiti 22,500, yaani takribani gigabaiti 22 na nusu kwa saa moja ya video. Mwanafunzi anayetengeneza filamu fupi ya dakika kumi aghalabu hurekodi saa mbili au tatu. Sasa mpe kompyuta mpya yenye nafasi ya gigabaiti 64, ambayo sehemu kubwa imekwisha kujazwa na programu ya kuiendeshea, kisha umwulize ataziweka wapi picha zake.

Kumweleza mpwa wangu haya hakukuwa kazi ngumu. Kazi ilikuwa kumweleza mwenye fedha. Tunafundisha kwamba mwanafunzi huongozwa kutoka analolijua kwenda asilolijua. Basi jioni moja nilikaa kwenye kigoda kando ya jiko la dada, nikamwambia kwamba kompyuta ni kama biashara yake. Beseni la samaki ni diski: linaonyesha ni samaki wangapi unaoweza kuwaweka. Karai ni kumbukumbu ya muda, ile wauzaji wanayoiita RAM: linaonyesha ni wangapi unaoweza kuwakaanga kwa mara moja. Moto ni prosesa. Dada aligeuza samaki wake, akafikiri, akasema, "Basi karai likiwa dogo, hata moto uwe wa kuzimu, nitakaanga mpaka usiku wa manane." Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta. Akaendelea mwenyewe, wala sikumwongoza: karai likijaa, mkaangaji asiye na subira humtoa samaki mbichi, humweka pembeni, kisha humrudisha, samaki wa namna hiyo hunywa mafuta na haivi vizuri. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo hufanya hivyo hivyo: huitoa kazi kwenye kumbukumbu na kuiweka kwa muda kwenye diski, kisha huirudisha, na mwanafunzi hubaki akikitazama kioo kilichoganda. Kisha akauliza mkaa ni nini. Binti yake alimjibu, "Mkaa ni betri, mama."

Kwa kutumia lugha hiyo ya jikoni tuliweka viwango vyetu. Karai: gigabaiti 8 zisipungue, tena liwe karai linaloweza kuongezwa hadi 16, kwa maana zipo kompyuta ambazo kumbukumbu yake imechomelewa kiwandani na haiongezeki. Beseni: diski ya aina ya SSD ya gigabaiti 256 au zaidi, kwa kuwa diski ya zamani inayozunguka ni nzito wa kusoma na huumia upesi kwa mitikisiko ya daladala. Kioo: kiwe cha nukta 1920 kwa 1080. Kadi ya picha inayojitegemea ni kitu kizuri, na mwanafunzi wa michoro ya katuni au ya pande tatu anaihitaji kweli, lakini kwa mwaka wa kwanza wa mawasiliano tuliona inaweza kusubiri.

Kuhusu moto ilibidi tukae mezani na karatasi, maana hapo ndipo watu wengi huuziwa jina. Wauzaji husema "hii ni i7" kana kwamba wamemaliza. Nilimwonyesha mpwa wangu kwamba jina kamili la prosesa lina tarakimu baada ya kistari, na tarakimu hizo hutaja kizazi chake. Prosesa iitwayo i5-8250U ni ya kizazi cha nane. Iitwayo i7-4600U ni ya kizazi cha nne. Ile ya kwanza ina viini vinne vya kufanyia kazi, ya pili ina viwili tu. Kwa hiyo i5 hiyo inaishinda i7 hiyo, ingawa kibandiko kinadai kinyume. Kuanzia kizazi cha kumi tarakimu za mwanzo huwa mbili, kama katika i5-1135G7, ambayo ni ya kizazi cha kumi na moja. Tena palikuwa na sababu nyingine ya kuhesabu vizazi. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba huduma ya kawaida ya Windows 10 ingekoma tarehe 14 Oktoba 2025, wiki chache tu baadaye, na Windows 11 kwa prosesa za Intel haikubali rasmi zilizo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Kompyuta nyingi za mtumba zilizojaa sokoni zilikuwa za vizazi vya chini ya hapo, na bei yake ilikuwa imeanza kuvutia mno.

Jaribio letu tuliliandaa kabla ya kuondoka nyumbani. Mpwa wangu alimrekodi mama yake kwa simu, dakika tatu, akikaanga na kuzungumza na wateja. Video hiyo aliiweka kwenye flashi pamoja na programu ya Shotcut, ambayo hailipiwi na inaweza kufunguliwa kutoka kwenye flashi bila kuiweka ndani ya kompyuta. Kusudi lilikuwa kuijaribu kila mashine kwa kazi ile ile, kama vile tunavyowapa wanafunzi wote swali moja ili tuweze kuwalinganisha. Wauzaji wawili walikataa kuchomekewa flashi ya mgeni, na hawakukosea, maana flashi hubeba virusi. Tuliwashukuru tukaenda mbele. Wengine walikubali.

Kariakoo siku ya kazi haimpi mtu nafasi ya kufikiri. Muuzaji mmoja alimwekea binti mbele yake kompyuta ya mtumba yenye kibandiko cha i7 kinachong'aa, kwa shilingi 500,000, akamwambia kwamba kuna mteja mwingine njiani. Niliona macho ya mpwa wangu yakienda kwenye kibandiko, kisha yakanitazama mimi. Nilikaa kimya. Ukimya huo ulinigharimu, kwa sababu upatu wa dada yangu ulikuwa ndani ya mfuko wa shati langu. Akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kufungua ukurasa wa maelezo ya mashine. Akasoma tarakimu kwa kidole: i7-4600U. Akamwambia muuzaji, "Asante, kaka, hii ni ya kizazi cha nne," akachukua mkoba wake. Muuzaji alinitazama mimi, si yeye, kana kwamba ndimi niliyesema.

Siku ile hatukununua kitu. Tulirudi Jumamosi, na safari hiyo dada alikuja mwenyewe, amejifunga kanga yake mpya. Alikuwa na neno lake. Hakuridhika hata kidogo na mtumba. "Nimelala macho miezi kumi na minne," alisema ndani ya gari, "mwanangu aende chuo kikuu na kitu kilichotupwa na Wazungu?" Naomba wanachuo wasilichukulie neno hili kuwa ni ujinga. Mzazi anaponunua kifaa cha elimu hununua pia heshima. Ni sawa na yule anayemnunulia mtoto sare mpya ya darasa la kwanza, ingawa ya kaka yake bado inamtosha. Mwalimu anayemjibu mzazi wa namna hiyo kwa takwimu tupu hatasikilizwa, na mimi sikumjibu. Nilimwomba tu aone mwenyewe.

Kwa hiyo tuliingia kwanza katika duka lenye kompyuta mpya. Ilikuwa nzuri, nyembamba, ya rangi ya fedha, kwa shilingi 780,000, ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64. Binti alichomeka flashi, akaifungua video, akaikata sehemu tatu, akaongeza maandishi chini yake, akabonyeza ili ichezwe. Dada alijiona kiooni akiwa ameinua samaki, na hapo mkono wake ukaganda hewani huku sauti yake ikiendelea kuwahesabia wateja chenji. Tukasubiri. Mkono ukaruka hadi karaini, ukaganda tena. "Mbona nimegoma?" dada aliuliza, na hata muuzaji alicheka. Katika duka la tatu tulikuta kompyuta ya mtumba, aina ya ThinkPad, nyeusi, nzito kidogo, yenye mikwaruzo kwenye kifuniko, prosesa ya kizazi cha nane, kumbukumbu ya gigabaiti 8 na SSD ya gigabaiti 256, kwa shilingi 680,000. Video ile ile, vipande vile vile, maandishi yale yale. Mkono uliinua samaki ukamweka karaini bila kusita. Dada aliitazama mara mbili, akaigusa ile mikwaruzo, kisha akaanza kupatana bei mwenyewe, kazi ambayo katika familia yetu hakuna anayemzidi.

Bado hatukutoa fedha. Mtumba una maradhi yake ambayo muuzaji hayasemi, na mengine pengine hayajui. Lililo kubwa ni betri. Katika Windows ipo amri ya kuandika, powercfg /batteryreport, ambayo hutoa taarifa ya betri: iliundwa kubeba kiasi gani, na sasa inabeba kiasi gani. Betri ile iliundwa kubeba wati-saa 50, na ilikuwa inabeba 38, yaani asilimia 76. Tuliona inafaa. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuzalisha umeme mwezi Februari 2024 mgao umepungua, lakini mitaani kwetu umeme hukatika bado, na haungojei mwanafunzi amalize kuhifadhi kazi yake.

Tulikagua pia kufuli. Kompyuta nyingi za mtumba zilikuwa mali ya makampuni ya Ulaya na Marekani, na baadhi yake huja zikiwa zimefungwa kwa nywila ya mwenye mali wa kwanza katika mipangilio ya kuwashia. Mtu asiyeizima na kuiwasha mashine mbele ya muuzaji, na kuingia katika mipangilio hiyo, anaweza kugundua miezi mitatu baadaye kwamba hana mamlaka na kifaa chake. Kompyuta za Apple zina kufuli la akaunti ya mmiliki; kama halikuondolewa naye mwenyewe, fedha imepotea. Kibodi nayo itazamwe. Zile zitokazo Ufaransa huiweka A mahali pa Q, na Z mahali pa W; za Ujerumani hubadilishana Y na Z. Kwa mwandishi wa Kiswahili, lugha inayozitumia a, w, y na z karibu katika kila neno, huo ni mchoko wa kila siku. Vibandiko vya herufi vipo, lakini hubanduka kwa jasho la vidole.

Kioo mpwa wangu alikikagua kwa akili ambayo sikumfundisha. Alifungua picha ya mama yake, akasogea kushoto, akasogea kulia, akachuchumaa. Katika mashine moja tuliyoipitia siku ya kwanza, wekundu wa kanga ulififia kila alipohama. Katika hii ulibaki wekundu. Mtu anayesomea kuonyesha watu vitu anahitaji kioo kisichobadili kauli.

Dada aliipata kwa shilingi 640,000. Kijiti cha gigabaiti 8 za nyongeza ya kumbukumbu kilikuwa shilingi 80,000, na fundi alikiweka hapo hapo. Diski ya nje ya terabaiti 1 ilikuwa shilingi 150,000. Jumla ni 870,000. Kilichobaki kilinunua vipokea sauti vya masikioni, ambavyo mhariri wa sauti hawezi kufanya kazi bila hivyo, na nauli yetu. Angalieni kwamba karibu robo ya fedha yote haikwenda kwenye kompyuta yenyewe. Anayemaliza mfuko wake kwenye mashine huikosa diski ya kuhifadhia nakala, na diski ya ndani ikifa, kazi ya muhula mzima hufa nayo.

Neno juu ya programu. Kijana mmoja pale dukani alijitolea kumwekea binti programu za gharama kubwa zilizovunjwa kufuli, kwa shilingi elfu kumi tu. Tulikataa. Mbali na kwamba ni wizi, programu za namna hiyo mara nyingi huingia pamoja na virusi, na mtu anayesomea kazi ambayo yeye mwenyewe atataka ilindwe na sheria ya hakimiliki hawezi kuianza kwa njia hiyo. GIMP kwa picha, Inkscape kwa michoro, Audacity kwa sauti, Shotcut au Kdenlive kwa video na LibreOffice kwa maandishi zote hazilipiwi. Chuo kikimtaka atumie programu fulani ya kulipia, maabara ya chuo ndiyo mahali pake hadi atakapoweza kuilipia.

Tangu hapo nimelileta jambo hili darasani kama zoezi la somo la zana. Makundi matano ya wanachuo hupewa kila moja kadi yenye maelezo ya mtu mmoja na shilingi 900,000 za kubuni: mwanafunzi wa uuguzi, wa uhasibu, wa mawasiliano, fundi mchoraji wa ramani za nyumba, na mwalimu wa shule ya msingi huko Mkuranga. Dakika ishirini za mwanzo hawaruhusiwi kutaja jina la kifaa chochote. Huandika kazi na maswali tu. Dakika hizo ni ngumu mno kwao. Mara ya kwanza kundi la uhasibu lilikuwa limekwisha kuandika "i7" kabla sijamaliza kugawa kadi, na niliwarudishia karatasi tupu bila maelezo. Ilikuwa karibu robo saa kabla hawajaandika swali la kwanza, nalo lilikuwa zuri: mtu huyu atafanyia kazi wapi, na umeme upo?

Kundi lililonipa shida ni lile la mwalimu wa Mkuranga. Waliorodhesha kazi zake kwa uangalifu: maandalio ya masomo, alama za mitihani, mchoro mmoja mmoja, na wimbo wa kuwachezea watoto wa darasa la pili. Kisha wakaandika kwamba kishikwambi alichogawiwa kinazimudu zote, kwamba anachokosa ni spika ndogo na flashi, na kwamba hawakuona kompyuta ya kuchagua. Wakarudisha fedha mezani, wakabakiza shilingi elfu sitini. Makundi mengine yalipinga kwa nguvu kwamba hilo si jibu, kwa kuwa zoezi lilisema "chagueni kompyuta", na mmoja wao alidai kundi hilo lipewe sifuri. Ubishi uliendelea hadi kengele ya mchana, na wengine waliuhamishia bwaloni.